Shukrani Si Fimbo ya Kumpiga Aliyeanguka



Neno la leo ni refu kuliko yale ya kila asubuhi. Kama uko kwa matatu na konda anadai nauli, liweke kwanza, ulisome ukifika. Na nakuonya mapema: litawakera wengine, hasa watumishi wenzangu. Likikukera, usikimbie. Limalize, halafu uje tujadiliane kwa upendo.

Nataka tuzungumze juu ya shukrani na afya ya akili. Wengi mnafikiri mnajua tayari nitakachosema: mshukuru Mungu, huzuni itakimbia, Amina, tufunge kwa neema. Sivyo. Naamini kabisa kwamba shukrani ya kila siku ni moja ya zawadi kubwa ambazo Mungu ameipa akili ya mwanadamu. Na kwa sababu naamini hivyo, siwezi kunyamaza nikiona jinsi tunavyoitumia vibaya kanisani.

Tumeiharibu shukrani kwa njia mbili. Ya kwanza, tumeifanya ghali. Ya pili, tumeifanya fimbo.

TUMEIFANYA GHALI

Angalia wakati wa ushuhuda Jumapili. Nani anapanda mbele? Aliyepata kazi. Aliyenunua ploti. Ambaye visa yake imetoka. Mzazi ambaye mtoto wake amepita mtihani na ameitwa shule ya kitaifa. Tunapiga makofi, kinanda kinapigwa, mwenye ushuhuda anatoa sadaka ya shukrani. Ni vizuri. Mungu apewe sifa.

Lakini kuna mama ameketi safu ya tatu kutoka nyuma. Juzi alilala usiku mzima bila kuamka saa nane na moyo unapiga kama ngoma. Ni mara ya kwanza baada ya miezi. Je, huyo atapanda mbele aseme nini? Kwamba alilala? Kuna kijana wa boda ambaye wiki hii yote hakugusa pombe. Kuna mzee ambaye jana, kwa mara ya kwanza tangu mke wake afariki, aliwasha jiko na akajipikia. Hawa wote wana ushuhuda, tena mzito. Lakini tumewafundisha kwamba shukrani ni ya mambo yanayoonekana, yanayopigwa picha na kuwekwa kwa status. Basi wanabaki wameketi, na wanarudi nyumbani wakidhani Mungu hakuwatembelea.

Mpendwa, ukingoja jambo kubwa ndipo ushukuru, utashukuru labda mara mbili kwa mwaka. Na akili yako haiwezi kuishi kwa milo miwili kwa mwaka.

Soma 1 Mambo ya Nyakati 23:30. Daudi alipopanga kazi za Walawi, aliwapa zamu ya kusimama kila asubuhi kumshukuru na kumsifu Bwana, na jioni vivyo hivyo. Haikungoja vita vishindwe wala mvua inyeshe. Ilikuwa kwenye ratiba, kama mtu anavyofagia ua asubuhi na kufunga kuku jioni. Soma pia Danieli 6:10. Amri ya mfalme ilipotoka, Danieli alipiga magoti mara tatu kwa siku, akaomba na kushukuru. Andiko linaeleza wazi kwamba hiyo ilikuwa desturi yake tangu zamani. Hakuanza kushukuru siku aliposikia habari za simba. Tabia ilishajengwa, na siku mbaya ikamkuta nayo.

Hiyo ndiyo shukrani ninayoipigania leo: ndogo, ya kila siku, isiyohitaji maikrofoni.

TUMEIFANYA FIMBO

Hapa ndipo penye maumivu. Dada anakuja kwenye ushirika wa nyumbani Jumatano. Zamu yake ya kutoa ombi inafika. Anasema, "Naomba mniombee. Siku hizi sina nguvu za kuamka. Kuoga ni kazi. Nawaona watoto wangu na sisikii kitu moyoni." Kimya kidogo. Kisha mtu mmoja, tena mwenye nia njema, anamjibu: "Dada, wewe mshukuru Mungu tu. Uko hai. Wengine wako mochari."

Dada anaitikia "Amina." Anatabasamu. Na Jumatano inayofuata hasemi kitu. Wengi wanafikiri amepona. Hajapona. Amejifunza kwamba mahali pale si pa kusema ukweli.

Nimeyasikia majibu ya aina hii katika makanisa mengi, na yana sura nne. Nitayajibu moja moja, Biblia ikiwa wazi mbele yetu.

Jibu la kwanza: "Shukuru, kuna wenye shida kuliko wewe."

Fungua Luka 18. Watu wawili walipanda hekaluni kuomba. Mmoja alianza maombi yake kwa shukrani! Alimshukuru Mungu kwamba yeye si kama watu wengine, wala si kama yule mtoza ushuru aliyesimama kando. Yesu alisema nani alirudi nyumbani amehesabiwa haki? Si yule aliyeshukuru.

Fikiria jambo hilo. Kuna shukrani ambayo Yesu aliikataa, na ni ile inayosimama juu ya kichwa cha mtu mwingine. Tunapomwambia mgonjwa ashukuru kwa sababu kuna maiti mochari, tunamfundisha kuomba kama yule Farisayo. Tena haimsaidii. Mtu mwenye uzito moyoni akiambiwa wengine wana shida zaidi, uzito haupungui. Anaongezewa aibu: "Kumbe hata sina haki ya kuumia." Sasa ana mizigo miwili, na wa pili amebebeshwa na kanisa lake.

Jibu la pili: "Lakini Biblia imetuamuru tushukuru kwa kila jambo."

Kweli, ni 1 Wathesalonike 5:18. Lakini neno hilo "kwa" katika Kiswahili chetu linabeba mizigo mingi. Laweza kuwa "kwa sababu ya," na laweza kuwa "katika." Paulo aliandika Kigiriki, na neno alilotumia pale ni "en," maana yake "katika, ndani ya." Ndani ya kila hali, usiache kushukuru. Hakumwambia mama aliyezika mtoto amshukuru Mungu kwa sababu ya kaburi. Ndani ya msiba ule bado kuna jirani aliyeleta sufuria ya chai, kuna shangazi aliyelala naye sakafuni wiki nzima, kuna Mungu anayemkaribia aliyevunjika moyo. Hayo anaweza kuyashukuru bila kusema kaburi ni zuri.

Najua kuna ndugu atanijibu na Waefeso 5:20, ambapo Paulo anasema juu ya kushukuru kwa mambo yote. Vizuri. Basi na asome sura hiyo hiyo, mstari wa 11, anapotuagiza tusishirikiane na matendo ya giza bali tuyaweke wazi. Paulo hakuwa amechanganyikiwa. Moyo unaoshukuru na jicho linaloita uovu uovu vinakaa ndani ya mtu mmoja.

Jibu la tatu: "Mkristo anayeshukuru hawezi kushikwa na ugonjwa wa akili."

Nenda 1 Wafalme 19. Eliya ametoka kuona moto ukishuka Karmeli. Sura moja baadaye ameketi chini ya mti jangwani, akimwomba Mungu amtoe uhai. Nabii! Na mbingu ilimjibu nini? Malaika hakumpigia kelele kwamba hana shukrani. Hakumkumbusha ule moto. Alimgusa, akamwonyesha mkate uliookwa na maji ya kunywa. Akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa sababu safari ilikuwa imemzidi nguvu. Mungu alianza na usingizi na chakula. Mazungumzo yalifuata baadaye.

Na Zaburi ya 88 je? Inaanza gizani na inaisha gizani. Hakuna mstari wa shangwe mwishoni. Lakini imo ndani ya Biblia yako, na Roho Mtakatifu hakuiondoa. Kama Mungu ameweka nafasi ya maombi ya namna hiyo katika kitabu chake, sisi ni nani tusiweke nafasi ya mtu wa namna hiyo katika ushirika wetu?

Jibu la nne, na hili ndilo baya kuliko yote: "Shukuru na unyamaze."

Mfanyakazi hajalipwa miezi mitatu, anaambiwa ashukuru kwamba ana kazi. Mke anapigwa, uso umevimba, anaambiwa ashukuru kwamba ana mume, kuna wanaoombea ndoa. Mpendwa, hiyo haiitwi shukrani. Huko ni kumfunga mtu mdomo kwa kitambaa cha madhabahuni.

Watu wataniletea Paulo na Sila, jinsi walivyoimba gerezani usiku wa manane. Naam, waliimba, na mimi nahubiri sura hiyo kwa furaha. Lakini usifunge Biblia usiku wa manane. Soma mpaka asubuhi, Matendo 16:37. Wakuu walipotuma watu wawaachilie kimyakimya, Paulo alikataa. Alisema wamepigwa hadharani bila kuhukumiwa, nao ni raia wa Rumi, basi wakuu waje wenyewe wawatoe. Mtu yule yule aliyeimba usiku, asubuhi alidai haki yake. Nyimbo hazikumzuia kusema, "Tulichofanyiwa ni makosa."

Na wale wakoma kumi wa Luka 17, ambao tunawahubiri kila tukitaka sadaka ya shukrani? Tunamsifu yule mmoja Msamaria aliyerudi, na anastahili. Lakini tunasahau walivyoanza. Walisimama mbali, wakapaza sauti, wakaomba kurehemiwa. Yesu hakuwaambia, "Shukuruni kwanza kwamba mna macho." Alisikia kilio, akakijibu, na ndipo shukrani ikaja. Kanisa linalotaka shukrani bila kusikia kilio linataka mavuno bila kupanda.

BASI TUACHE KUSHUKURU?

Hapana! Na sasa nageukia upande wa pili, kwa sababu huko pia kuna kosa.

Kuna wapendwa waliopigwa na fimbo hii mpaka wakaitupa shukrani yenyewe. Wakisikia mtu akisema "nashukuru Mungu" wanakunja uso. Wanasema ni maneno ya kujidanganya. Wengine wanasema mambo haya ya kuandika shukrani kila siku ni saikolojia ya wazungu, hayana uhusiano na wokovu. Ndugu zangu, msitupe chakula kwa sababu mtu aliwapiga na sufuria.

Hebu fikiria kitabu cha OB kule kituo cha polisi. Nini kinaandikwa humo? Wizi, vita, ajali, simu iliyopotea. Hakuna mtu amewahi kwenda kituoni kuandikisha kwamba leo alitembea kutoka stendi hadi nyumbani na hakuibiwa. Ukikisoma kitabu hicho peke yake, utaamini mtaa wote ni majambazi. Si kwamba kitabu kinasema uongo. Kila kilichoandikwa kilitokea. Lakini kinaandika upande mmoja tu.

Akili zetu ziko hivyo. Neno moja baya la bosi linakaa wiki, salamu kumi za wema zinapita kabla ya chakula cha mchana. Deni unalikumbuka ukipiga mswaki. Maji yaliyotoka kwa mfereji huyakumbuki mpaka siku yanapokatika. Hii haimaanishi wewe ni mtu mbaya. Akili imeumbwa ione hatari haraka, na hilo limetuokoa mara nyingi. Lakini usipoipa kazi ya kuandika upande wa pili, itaandika hatari tu, na utaishi ndani ya kitabu cha OB.

Ndiyo maana katika Zaburi ya 103 Daudi anaiamuru nafsi yake isisahau fadhili za Bwana. Kwa nini aiamuru? Kwa sababu nafsi ikiachwa yenyewe inasahau.

Wataalamu nao wamelipima jambo hili. Mwaka 2003 watafiti wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao kundi moja la wanafunzi liliandika kila wiki mambo waliyoyashukuru, na kundi lingine likaandika mambo yaliyowasumbua. Walioandika shukrani waliyaona maisha yao kwa namna bora. Katika sehemu nyingine ya utafiti huo, watu wenye magonjwa ya misuli na neva waliandika kila siku kwa siku 21, nao wakaripoti hali njema ya moyo na hata usingizi zaidi. Ona vizuri: hao walikuwa wagonjwa, na ugonjwa haukuondoka. Walishukuru ndani yake. Mwaka 2005 Martin Seligman na wenzake wakachapisha zoezi jepesi zaidi: kila usiku kwa wiki moja, andika mambo matatu yaliyokwenda vizuri, na kwa nini yalikwenda vizuri. Faida ilionekana hata miezi sita baadaye.

Lakini nami niwe mkweli, kwa sababu ukweli nusu ndio ulituletea fimbo. Mwaka 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Ohio State walikusanya tafiti 27 za aina hii zilizohusu watu zaidi ya 3,000, wakauliza: je, mazoezi ya shukrani yanaponya unyogovu na wasiwasi? Jibu: yanasaidia kidogo tu. Mtu ambaye tayari ni mgonjwa anahitaji matibabu yenye nguvu zaidi.

Umeelewa, mpendwa? Shukrani ni kama ugali na sukuma. Ukila vizuri kila siku, mwili unapata nguvu na magonjwa mengi yanakupita. Lakini mtu akivunjika mguu, humpelekei sahani ya ugali ukamwambia atembee. Unampeleka hospitali. Na akiwa kule wodini, bado anahitaji kula. Chakula na matibabu havigombani.

SASA TUFANYEJE?

Nakuomba ufanye haya kwa siku 21. Hayahitaji pesa wala bando.

1. Kabla ya kushika simu asubuhi, taja jambo moja. Moja tu. Ukianza na simu, utakutana na habari mbaya, ujumbe wa deni na picha za harusi ya mtu. Mpe Bwana dakika moja ya kwanza.

2. Usiku, andika mambo matatu. Daftari la shule linatosha. Usiandike "uhai, afya, familia" kila siku mpaka maneno yaishe ladha. Taja jambo lenyewe: "Mama mboga aliniongezea nyanya mbili bila kuniambia." "Mtoto alicheka usingizini." "Mvua ilinyesha nikiwa tayari nimeanua nguo." Andika pia limetoka mkono wa nani. Hapo ndipo utaanza kuona mikono ambayo Mungu anatumia.

3. Mara moja kwa wiki, mwambie mtu mmoja asante, usoni au kwa simu, na umwambie ni kwa nini. Mwalimu wako wa zamani. Mlinzi wa geti. Mke wako, naam, kwa ile chai ya miaka kumi ambayo hujawahi kuitaja. Wanaume, hili nawaambia ninyi hasa.

4. Siku ikiwa mbaya, anza na kilio. Soma Maombolezo sura ya 3. Mwandishi hakuruka uchungu wake. Alitaja mateso, akataja kutangatanga, akataja pakanga na nyongo. Kisha akaamua kukumbuka rehema za Bwana, ambazo ni mpya kila asubuhi. Nawe fanya hivyo hivyo. Mwambie Mungu kinachouma, kwa jina lake. Ukimaliza, tafuta jambo moja la kushukuru. Ukilikosa, mwambie pia kwamba umelikosa. Hatakukasirikia.

5. Ikiwa uzito haushuki, umekaa wiki mbili au zaidi, usingizi umepotea au umezidi, chakula hakipiti, hakuna kinachokufurahisha, usiniandikie ili nikuambie uongeze shukrani. Nenda kliniki. Ona daktari au mshauri nasaha. Nami nitakuombea ukienda na ukirudi. Na kama mawazo ya kujitoa uhai yanakujia, usikae nayo peke yako hata usiku mmoja. Mwambie mtu aliye karibu sasa hivi. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina nambari ya bure, 1199. Piga. Kupiga simu hiyo si kukosa imani. Eliya naye alihitaji mtu wa kumgusa bega.

KWENU WATUMISHI WENZANGU

Wachungaji, wazee wa kanisa, viongozi wa ushirika wa nyumbani, nawasihi kwa heshima.

Nchi hii imeona ukubwa wa jambo hili. Mwaka 2019 serikali iliunda jopokazi la afya ya akili, na ripoti yake ya 2020 ikapendekeza jambo hili litangazwe kuwa dharura ya kitaifa. Kwa miaka mingi kifungu cha 226 cha sheria zetu za jinai kilimhesabu mtu aliyejaribu kujiua kuwa mkosaji wa kupelekwa kortini. Januari 2025 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Jaji alimwona mtu huyo kuwa mgonjwa anayehitaji msaada. Ikiwa korti imeacha kumwita mhalifu, sisi wa madhabahuni tutaendelea kumwita asiye na shukrani mpaka lini?

Nawaomba mambo matatu. Fungueni ushuhuda kwa mambo madogo. Siku moja kwa mwezi, mtu ashuhudie kwamba alilala, kwamba alikula, kwamba aliomba msaada, naye apigiwe makofi yale yale ya mwenye gari. Mkisikia mtu akisema amechoka na maisha, msikimbilie andiko; ulizeni swali, kaeni, sikilizeni mpaka mwisho. Na kila kiongozi ajue kliniki iliyo karibu ambako anaweza kumsindikiza mtu, kwa miguu yake mwenyewe, kama Msamaria aliyempandisha majeruhi kwenye mnyama wake na kulipa gharama.

Mtu akiniuliza kama hii si kupunguza imani, namjibu: imani inayoogopa ukweli ilishapungua zamani.

Nawe mpendwa uliyesoma mpaka hapa, na hasa wewe uliyewahi kuitikia "Amina" huku moyo ukivuja damu: Mungu hakukuona huna shukrani. Alikuona umechoka. Ile fimbo haikutoka mkononi mwake. Usiache kushukuru kwa sababu yetu. Anza na kidogo, anza leo usiku, na kilio chako kije nacho, kuna nafasi ya vyote viwili mbele zake.

Tuombe.

Bwana, wewe unajua tulivyoumbwa, na unakumbuka kwamba sisi tu mavumbi. Tufundishe kuona mkono wako katika mambo madogo ya siku hii. Mponye aliyebebeshwa aibu juu ya huzuni yake. Utupe masikio ya kusikia kilio kabla ya kudai wimbo. Waongoze madaktari na washauri wanaowahudumia watu wako. Na yule anayesoma haya akiwa peke yake, gizani, mtumie mtu leo. Ikiwa mtu huyo ni mimi, nionyeshe njia. Katika jina la Yesu.

Leo usiandike "Amina" hapo chini. Andika jambo moja, dogo, la leo, ambalo unamshukuru Mungu kwalo. Na kama siku yako imekuwa mbaya mno hulipati, andika hivyo pia: "Leo sijapata." Hakuna atakayekuhukumu katika ukurasa huu, na atakayejaribu nitamjibu mimi mwenyewe. Wengine wote, mkiona mtu ameandika hivyo, msimpe andiko. Mpigieni simu.

Mchungaji wenu, kwa upendo.